Basel, Mji Ambako Watu Wazima Hufundishwa Kutembea



Bila shaka umekwisha kusoma mara nyingi habari za safari za Roma, za Lurdi na za Nchi Takatifu. Leo nataka tufuatane mpaka mji mmoja usiotajwa sana na wasafiri wa kwetu, nao ni Basel, katika nchi ya Uswisi. Utaniuliza, kuna nini huko? Pembeni mwa mji huo ipo nyumba moja ambamo watu walioumia ubongo kwa ajali hufundishwa upya kukaa, kusimama, kumeza, kusema na kutembea. Wengine wao hufundishwa kwa mtambo unaoishika miguu na kuipeleka hatua kwa hatua.

Nilikwenda kuuona mtambo huo kwa macho yangu, nami nilikuwa na sababu. Afadhali nikueleze sababu hiyo kwanza.

Mwezi wa Januari, mwaka 2023, mdogo wangu alianguka kwa pikipiki usiku, akirudi kutoka shamba la mpunga. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Hospitalini walifanya kazi yao vema: walimpasua kichwa, wakatoa damu iliyoganda, na baada ya siku nyingi alifumbua macho. Baada ya wiki tano tukamrudisha kwa mama. Hakuweza kusema, na mkono na mguu wa kuume havikuinuka. Tukamlaza katika kitanda kizuri kuliko vyote vya nyumba ile, tukamlisha kwa kijiko, na kila mgeni aliyeingia tulimwambia kwa sauti ndogo, "Mwache apumzike."

Alipumzika miezi saba. Nakuomba, msomaji, ulishike neno hilo, maana tutalirudia.

Mtambo ulipozaliwa

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule waumini wa parokia moja ya Basel walitualika watu wanne wa bonde la Kilombero kwa siku kumi. Usistaajabu. Wakapuchini wa Uswisi walikuja kwetu mwaka 1921, na katika miaka ya 1950 wataalamu wa Basel walifungua maabara Ifakara ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Hivyo Basel na Ifakara ni majirani wa siku nyingi, ingawa bahari imelala katikati.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Zürich ni safari ya usiku kucha kwa ndege, na njiani hubadili ndege. Zürich ni mji mkubwa kuliko yote ya Uswisi. Mto Limmat hutoka ziwani ukapita katikati ya mji, na siku isiyo na mawingu utaiona milima ya theluji kwa mbali. Ukitoka stesheni kuu, panda tramu namba 11. Itakupitisha katika barabara ya mabenki na maduka ya fahari, itavuka daraja pale ziwa linapoishia, kisha itapanda kilima polepole mpaka mahali paitwapo Balgrist. Hapo ipo hospitali ya mifupa na viungo iliyofunguliwa mwaka 1912. Shuka utazame kidogo, kwa sababu mtambo tunaoufuata ulizaliwa hapa.

Katika miaka ya 1990 waganga wa hapo walikuwa na shida. Walijua kwamba mtu aliyeumia mishipa ya fahamu, akishikiliwa wima juu ya mkanda unaozunguka na miguu yake ikapigishwa hatua nyingi, huweza kurudishiwa kutembea kwa kiasi. Lakini nani azipige hatua hizo? Ilibidi wataalamu wawili wakae chini, mmoja kila upande, waushike mguu, wauinue, waupeleke mbele, wautue, na kuanza tena. Wewe uliyewahi kupanda mpunga umeinama kutwa unajua mgongo unavyosema. Wale nao, baada ya muda mfupi, walichoka kabla mgonjwa hajapata zoezi la kutosha.

Ndipo mhandisi Gery Colombo na wenzake walipotengeneza miguu ya chuma yenye mota nyonga na magotini, wakauita mtambo huo Lokomat. Kampuni yao, Hocoma, iliundwa mwaka 1996. Lakini si wao waliotangulia katika kazi ya namna hii. Huko Marekani wahandisi wa chuo cha MIT, Neville Hogan na Hermano Igo Krebs, walikuwa wamekwisha kutengeneza mtambo wa kufundisha mkono, uitwao MIT-Manus, nao ulianza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1994.

Mitambo hii huitwa roboti. Neno hili lilitoka katika mchezo wa kuigiza ulioandikwa mwaka 1920 na Mcheki Karel Čapek. Kwa Kicheki “robota” ni kazi ya kulazimishwa, ile wazee wetu waliyoiita shokoa. Basi roboti ni mfanya shokoa asiyechoka wala kunung'unika. Lakini ngoja kwanza usikie kama anaifanya kazi peke yake.

Mto wa Rhine na vivuko vyake

Kutoka Zürich mpaka Basel ni muda wa saa moja hivi kwa gari la moshi, ingawa moshi hutauona, kwa kuwa magari ya nchi hiyo huenda kwa umeme. Basel umekaa pale nchi tatu zinapokutana: Uswisi, Ufaransa na Ujerumani. Mto Rhine unapita katikati, mpana na wenye nguvu, na juu ya ukingo limesimama kanisa kuu la zamani la mawe mekundu, lenye minara miwili.

Sisi watu wa Kilombero tulifika mara moja mtoni, kama ilivyo desturi ya mtu wa mto. Tukakuta jambo la kupendeza. Katika mji huu wenye kila aina ya mota, vipo vivuko vinne visivyo na mota hata moja. Kamba ya chuma imetandazwa juu ya mto kutoka ng'ambo hata ng'ambo, na mashua imefungwa kwa kamba nyingine inayoteleza juu ya ile kubwa. Mwenye kivuko huigeuza mashua tu ikae upande, na mkondo wa maji huisukuma mpaka ng'ambo. Akitaka kurudi, huigeuza upande wa pili. Nilivuka mara mbili kwa furaha ya kutazama.

Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja mzee aliyekuwa muuguzi kwetu zamani, na Kiswahili chake hakijamtoka. Nilipomweleza habari za mdogo wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, je, mnamsimamisha?"

Nikamjibu, "Hapana Mama, tunamwacha apumzike."

Akasema, "Kesho utakwenda nami mahali."

Nyumba yenye madirisha ya mbinguni

Kesho yake tulipanda tramu ya kijani namba 3 katika uwanja wa Barfüsserplatz. Jina hilo maana yake ni uwanja wa watembea pekupeku, yaani ndugu Wafransisko, ambao walikuwa na kanisa lao hapo zamani. Kanisa bado lipo, lakini sasa ni makumbusho. Tramu ikatupeleka mpaka karibu kabisa na mpaka wa Ufaransa, na hapo ndipo ilipo nyumba iitwayo REHAB Basel.

Ukiambiwa ni hospitali utabisha. Haina ghorofa nyingi kama hospitali za mjini. Ni jengo pana, la ghorofa mbili, lililozungushiwa fito za mbao, na ndani yake mna nyua zenye miti na maji, na njia pana kama vichochoro vya kijiji, mtu apite na kiti chake cha magurudumu bila kugongana na mwenzake. Kazi hii ilianza mwaka 1967 kwa ajili ya waliovunjika uti wa mgongo, na baadaye wakaingizwa pia walioumia ubongo. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2002. Lilichorwa na Herzog & de Meuron, mafundi wa mji huo huo, ambao pia walishiriki kuchora uwanja wa michezo ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008.

Inua macho katika vyumba vya wagonjwa. Kwenye dari juu ya kitanda pana dirisha la mviringo, kubwa, lililoumuka kama kiputo. Mchoraji aliwaza hivi: mtu huyu atalala chali kwa miezi, basi asitazame dari tupu, atazame mbingu na mawingu yakipita. Nikakikumbuka chumba cha mdogo wangu, ambacho tulikifunga dirisha ili mwanga usimsumbue.

Jambo lingine litakufurahisha wewe mfugaji. Nje wapo mbuzi, kondoo, kuku na farasi. Si kwa ajili ya nyama. Mgonjwa hupewa kazi ya kumpa mnyama majani au kumpiga brashi, na kwa kufanya hivyo mkono uliosahau kazi hunyoshwa, na mtu asiyetaka kusema na watu husema na mbuzi.

Mtambo wenyewe

Sasa tuingie katika chumba cha mazoezi. Mtambo una sehemu tatu. Chini pana mkanda mpana unaozunguka, mithili ya mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga, mtu akakanyaga juu yake. Juu pana kamba imshikayo mgonjwa kwa fulana ya mikanda, ili miguu isibebe uzito wote wa mwili. Na pembeni ipo ile miguu ya chuma, ambayo hufungwa kwa mikanda laini pajani na kwenye muundi. Mota nne, mbili za nyonga na mbili za magoti, huipeleka miguu ya mtu kwa mwendo wa kawaida. Mbele pana kioo kama televisheni.

Siku ile alikuwamo kijana wa umri kama wa mdogo wangu, seremala aliyeanguka kutoka juu ya paa. Mkewe alikuwa ameketi kando, akisokota leso mikononi. Kumfunga kijana yule kulichukua muda. Mtaalamu wa mazoezi, msichana mwenye mikono ya nguvu, alipima kila mkanda, akatazama ngozi kama haina kidonda, akauliza kama kuna maumivu. Ndipo mkanda ulipoanza kuzunguka, na yule mtu asiyeweza kusimama akaanza kutembea.

Msomaji, machozi yalinilenga. Nikasema moyoni, "Tazama, kiwete anatembea!" Nikamwambia Mama atafsiri, "Kweli mtambo huu unamtembeza!"

Yule msichana akatikisa kichwa. Akasema, "Nikiuacha umtembeze tu, nimepoteza saa yake. Angalia." Akabonyeza kitu, na msaada wa mtambo ukapungua. Mara mguu wa kuume wa kijana ukachelewa, ukaburuta. Katika kioo alama fulani ikashuka. Kijana akakunja uso, jasho likamtoka, akasukuma, na alama ikapanda kidogo. Ikashuka tena. Akakasirika, akapiga kelele kwa sauti isiyo na maneno, akampiga mkono msichana. Msichana akangoja bila kumkemea, kisha akamwambia neno, wakaanza tena. Walipomaliza, kioo kilionyesha hatua 612.

Mke wake akasema, "Hakuwa mtu wa hasira kabla ya ajali." Mama akanieleza kwamba ubongo ukiumia, hasira, kusahau, kulia au kucheka ovyo huweza kuja pamoja na ulemavu wa viungo. Ni jeraha, si tabia mbaya. Nilinyamaza, kwa sababu kijijini kwetu wapo waliosema mdogo wangu ameingiliwa na pepo, nami sikuwapinga kwa nguvu.

Kwa nini hatua nyingi

Niliuliza jinsi inavyowezekana. Nitakupa jibu kwa maneno ya kwetu. Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Lakini ubongo ni kama nchi yenye vijia vingi. Barabara kuu ikikatwa na mafuriko, watu hupita porini. Wa kwanza hupita kwa shida, wa kumi hupita vema kidogo, na baada ya watu elfu njia imekuwa njia. Vivyo hivyo sehemu zilizo nzima hujifunza kazi ya zile zilizokufa, lakini kwa sharti la kurudia, na kwa sharti la mgonjwa mwenyewe kujaribu. Mguu ukisukumwa na mwingine huku mwenyewe amelala kwa mawazo, njia haipasuliwi vema. Nikakumbuka kile kivuko cha mtoni: mwenye kivuko huigeuza mashua tu, mkondo ndio unaovusha.

Faida ya mtambo ni kwamba hauchoki. Mtaalamu mmoja aweza kumpa mgonjwa mamia ya hatua kwa saa moja, kazi ambayo ingewavunja migongo watu wawili au watatu. Ipo pia mitambo ya mkono na vidole. Kwa wale ambao bado hawajazindukana vizuri, kipo kitanda kinachoinuka polepole huku kikiichezesha miguu, ili mwili uzoee kusimama bila damu kushuka ghafula na mtu kuzimia.

Lakini si kila mtu huwekwa humo. Mwenye mfupa usiounga, mwenye vidonda pale mikanda ikazapo, au mwenye kifafa kisichotulia, hungoja.

Je, mtambo unapita mikono ya watu? Hapa nilitazamia kusikia sifa, nikapewa ukweli. Mwaka 2013 huko Marekani ilitolewa habari ya majaribio ya watu 16 walioumia ubongo kwa ajali. Wengine walifundishwa kutembea kwa Lokomat, wengine kwa mikono ya wataalamu juu ya mkanda. Makundi yote mawili yaliongeza mwendo, na hakuna lililolipita lingine kwa mbali. Ila wa mtambo walisawazisha hatua zao vizuri zaidi, na wataalamu walichoka kidogo. Huko Uingereza, mwaka 2019, yalitolewa matokeo ya watu 770 waliopooza mkono kwa kiharusi. Mtambo wa mkono haukuwapa matumizi bora ya mkono kuliko matibabu ya kawaida. Kwa upande wa miguu, uchunguzi mwingi wa wagonjwa wa kiharusi umeonyesha kwamba mtambo ukiongezwa juu ya mazoezi ya mtaalamu, watu zaidi hupata kutembea wenyewe, hasa wale wasioweza kutembea kabisa na walio katika miezi mitatu ya kwanza.

Sikia basi mambo mawili. La kwanza: mtambo huongezwa juu ya mikono ya watu, hauwekwi mahali pake. La pili: miezi ya kwanza ni ya thamani. Nami nilikuwa nimeyaacha mapema yale saba yapite.

Fito mbili

Nikauliza bei. Wakanitajia kiasi cha mamia ya maelfu ya dola kwa mtambo mmoja. Nadhani uso wangu ulianguka, kwa kuwa Mama alinishika mkono akanipeleka pembeni mwa chumba kile kile. Hapo zilikuwapo fito mbili zilizolazwa sambamba, za kimo cha nyonga, na mzee mmoja alikuwa akitembea katikati yake akijishikilia, hatua tatu, akapumzika, hatua tatu.

Mama akasema, "Mwalimu, hizi ni za zamani kuliko mtambo, na hazijatupwa. Kila atokaye kule mtamboni huja hapa. Je, Kilombero hakuna miti?"

Akanikalisha chini akanipa mafundisho, nikayaandika katika daftari. Nakuandikia machache, kwa sababu huenda katika nyumba yako au ya jirani yupo mtu wa namna hii.

Kwanza, usianze bila kumpeleka hospitali apimwe. Uliza mtaalamu wa mazoezi ya viungo, maana wapo pia kwetu; wamekuwa wakifundishwa Moshi na kwingineko miaka mingi. Mwambie akuonyeshe kwa mikono yako mwenyewe.

Pili, asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asipate vidonda vya kulalia.

Tatu, kila kiungo kinyoshwe polepole kila siku, pasipo nguvu: vidole, kiwiko, bega, goti, kisigino. Kiungo kilichoachwa kimekunjwa hukauka kama ngozi ya ng'ombe juani, na baadaye hata mtambo wa mamia ya maelfu hauwezi kukikunjua.

Nne, asilishwe amelala. Akalishwe wima, apewe kidogo kidogo, tena usimharakishe, chakula kisiingie mapafuni. Akikohoa kila anapomeza, mrudishe kwa mganga.

Tano, mara mganga arusupo, akalishwe, kisha asimamishwe, ashikwe na watu wawili. Mazoezi mafupi mara nyingi kwa siku ni bora kuliko marefu mara moja. Tena yawe kazi za kweli: kushika kikombe, kufunga kifungo, kuchambua maharagwe.

Sita, akipata kichwa kuuma sana, kutapika, kifafa au usingizi usio wa kawaida, acheni yote mkimbilie hospitali.

Mkono wa kuume

Nilirudi nyumbani mwezi wa Oktoba. Tulimpeleka mdogo wangu hospitali; mtaalamu akampima, akatikisa kichwa alipofika kwenye mkono wa kuume. Kiwiko kilikuwa kimekauka. Akasema kwa upole, "Huu mngeuleta mapema." Hakusema zaidi, wala haikuhitajiwa. Mguu, alisema, tujaribu.

Tukachimbia nguzo nne nyuma ya nyumba, tukafunga mianzi miwili minene juu yake. Ni urefu wa hatua nne tu. Siku ya kwanza tulikuwa watu watatu kumsimamisha, na alizimia. Siku ya tano alisimama mpaka mama akamaliza Salamu Maria kumi. Mama ndiye aliyekuwa kioo chetu cha kuhesabu. Alikaa juu ya kigoda na punje za mahindi, kila hatua punje moja katika kibuyu. Jirani zetu, ambao zamani walikuja kumtazama na kusikitika, sasa walikuja kwa zamu kumshika upande wa kuume.

Wiki ya tisa, katikati ya zile fito, alisema neno lake la kwanza tangu ajali. Tulitumaini labda angemwita mama. Alisema, "Basi!" maana alikuwa amechoka nasi. Mama alicheka mpaka akalia, lakini akamwongezea punje tatu.

Mwezi wa Desemba 2024 alitoka mlangoni kwa mkongojo wa mkono wa kushoto akaenda mpaka chini ya mwembe, hatua arobaini, akaketi. Hakulima tena, wala sitakudanganya kwamba atalima. Hukasirika haraka, husahau majina ya watu. Mkono wa kuume umebaki umekunjwa kifuani, na kila nikiutazama nalisikia lile neno letu, "Mwache apumzike." Tulilisema kwa upendo, na mkono ukakauka.

Maneno mawili ya kuagana

Msomaji, safari yetu imefika mwisho. Kwa nauli yako nakudai mambo mawili.

La kwanza ni kwa vijana wa pikipiki na kwa mama zao. Wachunguzi waliojumlisha majaribio mengi wamekuta kwamba kofia ngumu humpunguzia mwendesha pikipiki hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha 69 katika mia, na hatari ya kufa kwa 42 katika mia. Kofia ifungwe kidevuni. Iliyotundikwa kwenye usukani hailindi ubongo wa mtu. Na abiria naye ana ubongo.

La pili ni kwako wewe uliye na mgonjwa ndani. Usingoje mtambo. Siku utakapofika kwetu, na tuushukuru, utataka viungo ambavyo bado vinakunjuka. Leo jioni fungua dirisha lake, mkalishe, umnyoshe vidole kimoja kimoja. Kesho mpeleke akapimwe, ukaulize juu ya fito mbili.

Kwa heri, nasi tukutane tena katika safari nyingine.